Santuri za zamani: Bidhaa ya mpakani tuliyoisahau

KUNA bidhaa moja ambayo sisi tunaovuka mipaka ya nchi hizi tunaipita kila siku bila kuitupia jicho. Iko chini ya meza ya fundi redio, juu ya kabati la bibi, au ndani ya katoni iliyosukumwa nyuma ya marobota ya mitumba. Ni santuri za muziki wa zamani, zile sahani nyeusi ambazo wengine hapa kwetu Burundi, kwa kufuata Kifaransa, huziita diski.

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikizitafuta kila ninaposafiri, kuanzia Kigoma hadi Nairobi. Mimi ni mwalimu, na fedha yangu ni ya mwalimu, kwa hiyo ninazinunua mojamoja. Hata hivyo, nimeona mengi ya kutosha kuniruhusu kuwaambia wenzangu tuliorejea, pamoja na ndugu zetu wafanyabiashara wa mpakani, kwamba mzigo huu una thamani kuliko tunavyodhani.

Thamani ninayoisema si ya fedha peke yake. Ukisoma lebo ya santuri, ukatazama jalada lake na wino ulioachwa na wenyewe, utakuta njia zilezile ambazo watu wetu walipita na mizigo yao. Utakuta pia miaka ambayo njia hizo zilifungwa.

Kwa bahati mbaya, santuri hizi zinakwisha. Nyingine zinapinda juani, nyingine zinavunjwa na watoto, na zile nzuri zinanunuliwa na wageni kutoka Ulaya na Marekani ambao wanajua wanachokitafuta.

Nyimbo tulizozijua bila sura

Sisi tuliolelewa Katumba, Mishamo na Ulyankulu tuliujua muziki wa dansi kwa njia ya redio. Miaka ya 80, redio moja ilitosha kwa nyumba nne au tano. Betri zikianza kuchoka zilianikwa juani ili zipate nguvu za jioni moja zaidi, na mwenye redio ndiye aliyeamua nani akae karibu.

Radio Tanzania Dar es Salaam ilitupigia Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, Juwata na Msondo wao, Mlimani Park na Sikinde yao. Tulijua kila neno la nyimbo hizo. Lakini hatukuwa tumewahi kuona sura ya mwimbaji hata mmoja, wala jina la mtunzi lililoandikwa mahali popote. Kwetu wimbo ulikuwa kitu kinachotoka hewani na kurudi hewani.

Ndiyo maana mtu wa rika langu anaposhika santuri ya Tabora Jazz kwa mara ya kwanza, mkono wake unasita kidogo. Wimbo alioujua tangu utoto kumbe una uzito, una namba, una jina la mtunzi na mahali ulipochapwa. Na hapo pa kuchapwa ndipo habari inapoanza.

Nairobi ilikuwa karakana ya wote

Msomaji akichukua santuri kumi za bendi za Tanzania za miaka ya 60 na 70 na kuzigeuza, atashangaa kuona kwamba nyingi zimechapwa Kenya. Tanzania ilikuwa na wanamuziki wengi na studio nzuri ya redio, lakini haikuwahi kuwa na kiwanda chake cha kuchapa santuri kilichofanya kazi. Kiwanda kilikuwa Nairobi.

Bendi zilirekodi Dar es Salaam, kanda zikasafirishwa, na santuri zikarudi Tanzania kama bidhaa. Bendi nyingine zilisafiri zenyewe hadi Nairobi, zikarekodi huko kwa siku chache na kurudi nyumbani.

Wengine walikwenda wakabaki. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walitoka Tanga, wakapitia Arusha, na hatimaye Nairobi ikaijua bendi yao kwa jina la Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wa bendi hiyo walijitenga na kuanzisha Les Wanyika, waliotupa "Sina Makosa". Kiswahili cha nyimbo zao ni cha Tanzania, na lebo ni za Kenya.

Kutoka magharibi walikuja Wakongo. Baba Gaston, Super Mazembe, Les Mangelepa, Orchestra Makassy na Samba Mapangala wote walipiga kambi Nairobi kwa nyakati tofauti. Walikuja na Kilingala na Kiswahili cha kwao, wakajifunza Kiswahili cha soko la huku, na nyimbo zao zikapendwa hadi vijijini.

Mombasa nako hakukulala. Duka la Assanand & Sons lilikuwa na lebo yake iliyoitwa Mzuri, ambayo leo ni miongoni mwa lebo zinazotafutwa sana. Katikati ya Nairobi, Melodica katika barabara ya Tom Mboya walianza kazi mwaka 1971, na mtaa wa River Road ukajaa maduka ya santuri.

Kwa lugha ya biashara, ule ulikuwa mnyororo kamili. Malighafi ilitoka Dar es Salaam, Tanga, Morogoro na Katanga. Kiwanda kilikuwa Nairobi. Wateja walikuwa kila mahali Kiswahili kinapofika, hadi huku kwetu ziwani.

Mpaka ulipofungwa

Mfanyabiashara wa mpakani hahitaji kuelezwa mpaka kufungwa maana yake nini. Mwezi Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, mwaka uleule ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika. Mpaka huo haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983.

Katika miaka hiyo sita na zaidi, njia ya kanda na santuri iliziba. Bendi za Tanzania ziliendelea kurekodi redioni, na nyimbo ziliendelea kupendwa, lakini nyingi hazikupata nafasi ya kuwa santuri. Zilibaki kwenye kanda za redio tu.

Mpaka ulipofunguliwa, kaseti ilikuwa imekwisha kutawala. Kaseti ilikuwa rahisi kubeba na rahisi kunakili, na walionakili hawakuwalipa wanamuziki chochote. Kufikia mwisho wa miaka ya 80 kampuni kubwa za kigeni za muziki zilikuwa zimeanza kufunga virago Nairobi.

Kwa hiyo unapokuta santuri ya bendi ya Tanzania iliyochapwa kabla ya mwaka 1977, ujue umeshika kitu cha kipindi kifupi, wakati njia ilikuwa wazi. Na unapotafuta kwa miaka bila kuupata wimbo fulani wa mwaka 1979 au 1980 kwenye santuri, usimlaumu muuzaji, kwa kuwa huenda haukuchapwa kabisa.

Marehemu Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro ni mfano mzuri. Alifika hadi Osaka, Japani, na Morogoro Jazz kwenye maonyesho ya Expo 70, kisha akaanzisha Super Volcano. Alifariki katika ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, akiwa upande wa pili wa mpaka uliofungwa. Nyimbo zake zilikusanywa baadaye kwenye santuri kubwa zilizopewa jina la Ukumbusho, zilizotolewa Kenya. Ukikuta hata moja yenye jalada lake, usiiache.

Soma lebo kabla ya kusikiliza

Wanafunzi wangu wamenizoea nikiingia darasani na santuri mkononi. Shule haina mashine ya kuipigia, na mimi siihitaji. Ninawaonyesha lebo tu na kuwauliza: hii ni ya mwaka gani?

Lebo nyingi hazina mwaka, lakini zina majina, na majina ya nchi zetu yamebadilika sana. Santuri iliyoandikwa Léopoldville ni ya kabla ya mwaka 1966, mji huo ulipoanza kuitwa Kinshasa. Vivyo hivyo Elisabethville, ambayo mwaka huohuo iligeuka Lubumbashi. Iliyoandikwa Zaire ni ya kati ya Oktoba 1971 na Mei 1997.

Majina ya watu nayo yanasaidia. Rais Mobutu alipoanzisha siasa yake ya kurudi kwenye asili, Wazaire walitakiwa kuacha majina ya Kizungu. Santuri za awali zinasema Rochereau, na za baadaye zinasema Tabu Ley. Franco akaanza kuandikwa Luambo Makiadi. Mwimbaji ni yuleyule, ila serikali imeingia kwenye lebo.

Kwa upande wa Tanzania, bendi ya wafanyakazi iliyoanza mwaka 1964 iliitwa NUTA Jazz. Chama cha wafanyakazi kilipobadilishwa mwishoni mwa miaka ya 70, bendi nayo ikawa Juwata Jazz, halafu OTTU Jazz katika miaka ya 90, na hatimaye Msondo Ngoma. Kijana akielewa mlolongo huo ameelewa nusu ya somo la historia ya vyama vya wafanyakazi bila kufungua kitabu.

Umbo la santuri pia lina lake la kusema. Zile nzito zinazovunjika kama kigae, za mizunguko 78 kwa dakika, ndizo kongwe. Siti binti Saad wa Zanzibar alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa na kampuni ya HMV kwenye santuri za aina hiyo, na "Masanga" ya Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga, ilirekodiwa mwaka 1952.

Zikafuata ndogo za inchi 7, mizunguko 45, zenye wimbo mmoja kila upande. Wimbo wa dansi ulikuwa mrefu kuliko nafasi hiyo, ndiyo maana utaona wimbo mmoja umekatwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na ilibidi mtu ainuke kuigeuza santuri wakati wachezaji wanasubiri. Kubwa za inchi 12, mizunguko 33, ndizo zenye majalada ya picha.

Majalada na macho ya wapigapicha

Tofauti na muziki wa Ulaya, santuri zetu nyingi ndogo ziliuzwa ndani ya mfuko wa karatasi usio na picha ya bendi. Aliyeinunua alijua anachotaka. Kwa sababu hiyo, santuri kubwa yenye jalada la picha ilikuwa kama picha ya familia, na wengine waliitundika ukutani.

Tazama mfululizo wa santuri za Kikongo zilizoitwa L'Afrique Danse, au santuri kubwa za Nairobi za miaka ya 70. Utaona suruali za miguu mipana, viatu virefu, nywele za mviringo, na magitaa yameshikwa kwa fahari kama bunduki za gwaride. Fundi cherehani yeyote wa mpakani angeweza kushona tena mitindo hiyo kwa kutazama jalada moja.

Majalada ya Ulaya ya kuuzia wageni wakati mwingine yalikuwa na tabia nyingine. Badala ya mwanamuziki utakuta twiga, machweo au ngoma iliyochorwa. Ni muziki wetu, lakini picha ni ya mtu anayetuwazia kutoka mbali.

Burundi ina sehemu yake katika habari hiyo. Mwaka 1967 Wafaransa wa kampuni ya Ocora walirekodi muziki wa asili wa Burundi, zikiwamo ngoma zetu, na kutoa santuri. Mlio wa ngoma hizo ulichukuliwa mwaka 1971 kutengenezea santuri ya dansi iliyoitwa "Burundi Black". Mwaka 1975 mwimbaji Joni Mitchell alizitumia kwenye wimbo wake "The Jungle Line", na baada ya hapo vijana wa Uingereza kama Adam and the Ants wakauiga mdundo huohuo.

Jina la nchi lilisafiri dunia nzima. Majina ya waliopiga ngoma hayakusafiri nalo. Ngoma yenyewe ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2014, na hilo ni jambo la kujivunia, lakini santuri hizo zinatufundisha kwamba kitu kisichoandikwa jina la mwenyewe huchukuliwa kiurahisi.

Jina la wino

Nitoe mfano mmoja wa santuri iliyoandikwa jina la mwenyewe. Niliipata Kigoma, eneo la Mwanga, kwa fundi redio aliyekuwa akifunga kazi kwa sababu ya uzee. Alikuwa na katoni moja ya santuri ambazo wateja wake waliziacha pamoja na mashine za kutengenezwa, wasirudi kuzichukua.

"Mwalimu, hizo hata sijui zinalia," aliniambia. "Ukizitaka zote nipe ya chai."

Ndani yake kulikuwa na santuri ndogo ya African Jazz, bendi ya Grand Kallé, kwenye lebo yake aliyoianzisha mwaka 1960, Surboum African Jazz. Mfuko wa karatasi ulikuwa na mhuri wa duka uliofifia, na neno moja lilisomeka vizuri: Usumbura. Hilo ndilo jina la zamani la Bujumbura. Chini ya mhuri, kwa wino wa buluu na mwandiko wa mtu aliyefundishwa na mapadri, palikuwa na jina la Kirundi na maneno "Rumonge, 1964".

Jina lenyewe silitaji hapa, maana si langu kulitangaza. Nikalionyesha kwa wazee wawili wa Rumonge, kila mmoja kwa wakati wake. Wote wawili walilikumbuka. Alikuwa kijana wa dukani, mwenye baiskeli na gramafoni, na harusi nyingi za pale zilichezwa kwa santuri zake.

Mmoja aliniambia alimwona mara ya mwisho Mei 1972, mauaji yalipokuwa yameikumba sehemu ile na watu wanakimbilia mitumbwini usiku. "Tulibeba watoto na sufuria," alisema mzee. "Yeye alikuwa na mtoto mgongoni na kifurushi kwapani. Tulimcheka kwa kifurushi kile, hata siku ile tulicheka."

Santuri iliyofika Kigoma ilisalimika kuvuka ziwa. Mwenye mkono ulioibeba hajulikani alikoishia.

Nimeipiga mara moja tu. Inakwaruza mwanzoni, halafu gitaa linaingia safi kabisa. Sasa imefungwa kwenye kitambaa, imesimamishwa kabatini pangu, na wazee wale wawili wanajua ilipo endapo mtoto yule wa mgongoni, ambaye leo angekuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, atauliza.

Wengi wetu tuliorejea hatuna hati za nyumba, hatuna picha za babu, hatuna hata cheti cha ubatizo. Mahakamani na ofisini tumeulizwa karatasi ambazo ziliungua au zilibaki ng'ambo. Santuri yenye jina la mtu, mji na mwaka si hati ya ardhi, lakini ni ushahidi kwamba mtu huyo aliishi pale, alinunua kitu dukani kwa fedha yake na alicheza muziki jioni. Kwa familia isiyo na kitu kingine, hilo si jambo dogo.

Ukitaka kununua au kuuza

Kwa anayetaka kuanza, sehemu ya kwanza ni mafundi redio wa zamani na nyumba za wazee, siyo madukani. Nairobi, katika soko la Kenyatta, palipozoeleka kwa nyama choma na wasusi, nilikuta mwaka 2019 kibanda kilichojaa santuri hadi darini, na muuzaji anayekupigia kwanza usikie. Nililipa shilingi 500 za Kenya kwa santuri ndogo moja iliyo safi. Zile adimu zilikuwa ghali mara nyingi zaidi, na wanunuzi wake wengi walikuwa na kamera shingoni.

Kabla ya kulipa, itoe santuri kwenye mfuko na uielekeze kwenye mwanga. Alama nyepesi kama unywele hazina neno, lakini mkwaruzo unaoshika kucha ukipitisha kidole utaruka kwenye sindano. Iinue usawa wa jicho uone kama imepinda. Hakikisha pia kilichoko ndani ndicho kilichoandikwa nje, maana mifuko hubadilishana kwa miaka.

Uchafu si tatizo. Kitambaa laini, maji na sabuni kidogo vinatosha, ilimradi lebo ya karatasi isilowe. Zile kongwe za mizunguko 78 zinahitaji sindano yake maalumu, na ukizipiga kwa sindano ya kawaida mlio hautakuwa sawa.

Njiani zisimamishe wima kama vitabu, usizilaze chini ya gunia la vitenge, na usiziweke karibu na kioo cha basi. Saa mbili za jua la Singida zinatosha kuigeuza santuri kuwa bakuli. Chukua risiti hata kama ni ya mkono, ili mpakani usibishane na mtu kuhusu thamani ya mzigo.

Ukiwa muuzaji, usitenganishe santuri na mfuko wake ili kupunguza uzito, na usifute majina kwa spiriti ili ipendeze. Mnunuzi anayejua analipa zaidi kwa jalada la asili, na jina lile huenda ni la jirani yako.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo, hata kwa yule ambaye ameamua kuuza zote kwa mgeni, ombi langu ni hili tu: chukua simu yako, piga picha lebo za pande zote mbili na jalada lote, kisha andika kwenye daftari jina la wimbo, bendi, namba, na majina yoyote ya wino yaliyomo. Kwa katoni moja ni kazi ya nusu saa. Ukimaliza, mwite mzee wa nyumba akae karibu, umsomee majina hayo moja baada ya jingine, na uandike anachosema.